Maji Uliyoyakataa

Mpendwa Mama Skola,

Pokea salamu zangu, mimi Perpetua mwenzako. Habari za huko uliko? Nimeshika kalamu kitambo kabla ya kuandika swali hilo, maana sijui mtu aliyekwisha kuondoka anaulizwaje hali yake. Basi nauliza kama nilivyozoea kukuuliza mlangoni kwako asubuhi: umeamkaje? Tumbo limetulia? Ile kiu je, imekwisha? Kila nikisali rozari, nikifika mwisho, namwomba Mama Maria akupe maji ya kunywa. Padre angesikia angecheka. Lakini nilikuacha na kiu, na mimi kila nikikufikiria nakuona vilevile nilivyokuacha.

Sisi huku hatujambo kidogo. Mvua za kwanza zimeshuka, ardhi imelainika, watu wamo mashambani kuanzia alfajiri. Mume wangu Anatoli anakusalimu. Mguu wake ni uleule, analima tuta moja kisha anakaa juu yake kama mfalme anatazama wenzake. Ng'ombe wenu mwekundu amezaa dume. Paa la jiko lako limeshuka upande unaopigwa na upepo na hakuna aliyelisimamisha. Mtungi wako mkubwa wa pombe uko kwangu, Skola alinipa. Sijapikia kitu humo. Naufuta vumbi tu, halafu naurudisha pembeni.

Karatasi hii nimeinunua Majengo, kwenye duka la yule Mwislamu mpole uliyekuwa ukimwita shemeji bila sababu yoyote. Aliniuliza, "Shemeji yangu yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia yuko mbali. Mkewe, Bi Zainabu, akanielewa usoni, akanishika mkono akasema pole. Basi mzee akaniongezea karatasi moja juu.

Kesho ni siku ya kuwaombea marehemu wote. Baada ya misa nitakuja makaburini nikusomee barua hii. Nitasoma polepole. Unajua masista walinifundisha, na nilipoanza kuzoea tu, nikaolewa. Ulikuwa ukinicheka ukisema nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Utanivumilia.

Kubwa la kukwambia ni hili: una mjukuu. Wa kike. Alizaliwa mvua zikiwa zinakatika, hukumkuta kwa muda mfupi sana, mwenzangu, mfupi mno. Paji la uso ni lako. Na ana ile tabia yako ya kumkazia mtu macho kwanza kabla hajaamua kama anastahili kuchekewa. Wamempa jina lako, Leokadia. Siku ya kumtoa nje, Mama Romani, mkwe wa Skola, alimwinua mbele ya watu akapaza sauti, "Bibi amerudi! Mpisheni akae!" Watu wote wakapiga magoti, wakapiga makofi, wakamwamkia mtoto mchanga, "Shikamoo, bibi!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilianza kwa kucheka na wenzangu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa ajili ya mtoto huyo ndiyo maana nakuandikia. Nimekwisha kusema na wote walio hai, na sijasikilizwa. Umebaki wewe.

Unaikumbuka siku Bwana Afya alipokuja kwenye chemchemi? Najua unaikumbuka. Ilikuwa kiangazi, vikapu vyetu vya ulezi vimelowekwa pale maji yanapotokea, kama mama zetu walivyoloweka na mama zao kabla yao, ili upate kuchipua tutengeneze kimea. Vingi vilikuwa vyako, kwa ajili ya pombe ya arusi ya Skola. Akaja na tarishi wa Boma na sanduku lake, akasema kuhara damu kumeua watu njia ya Namanyere, na kunatoka kwenye maji. Alisema kweli, nadhani. Lakini hakungoja tuvitoe vikapu wenyewe. Akamwamuru tarishi avinyanyue na kuvimwaga. Ulezi wa arusi ya mwanao ukatapakaa majanini, ulezi ulioanza kuchipua tayari, na buti zikapita juu yake.

Ulipiga magoti ukaanza kuokota. Na sisi tukapiga magoti tukaokota pamoja nawe. Yule bwana akasema, "Mama, simama. Hii ni kwa afya yenu." Na wewe bila kuinua kichwa ukajibu, "Hata kule bondeni Rukwa walituambia hivyo."

Hakuelewa. Mimi nilielewa. Ulinisimulia zaidi ya mara moja tukiwa tunasaga: jinsi askari walivyowateremkia ukiwa msichana mdogo, wakasema kuna mbung'o, kuna malale, hameni mwende mkakae pamoja mahali palipofyekwa, ni kwa afya yenu. Wakachoma nyumba ili mtu asirudi. Mama yako alifika kule walikowapeleka na mtoto mgongoni, na hakuvuna hata mara moja. Malale haikumpata. Alikufa kwa njaa na homa ya mahali pageni. Ndiyo maana ulizoea kusema, "Serikali ikinijia na habari ya afya, mimi nafunga mizigo." Wanawake walikuwa wakicheka kisimani. Mimi nilikuwa natazama mikono yako wakati unasema, na mikono haikuwa inacheka.

Basi wakapanga mawe, wakazungusha uzio, wakamwaga majini ule unga mweupe wa dawa. Harufu yake ilikuwa ya wodi ya misheni. Jumbe akasogea na kibuyu, kwa adabu zote, akasema, "Bwana, tuonjee wewe kwanza." Unakumbuka alivyocheka? Akapigapiga chupa yake akasema yeye ana chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mbele yake kulikuwa na vijiji vingine. Lakini mimi nikikaa peke yangu huwa nasema: kama siku ile angekunywa kikombe kimoja tu, mbele yetu, pengine leo nisingekuwa naandika barua kwa mtu aliyekufa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ule ulezi tuliouokota uliuosha, ukauotesha upya nyumbani, tukasaga kimea, ukapika kwa maji ya chemchemi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na arusi ilikuwa imefika. Sijaona mtu anayepika pombe kama wewe. Wengine huonja. Wewe uliweka sikio. Uliinama kwenye mtungi ukasikiliza kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto, na ukisikia inachemka chini kwa chini unatabasamu. Mara hii uliinama, ukakaa hivyohivyo. Ukahamia mtungi wa pili. Ukarudi kwenye wa kwanza. Kisha ukainuka, uso wako umekuwa kama majivu, ukasema, "Kimya."

Pombe ilikufa. Wageni walitoka Kasense na kwingine na vifijo vyao, wakapewa kitu kama uji wa mgonjwa. Walirudi kwao na akili zao zote. Aibu ile! Shemeji yako mmoja aliuliza kama tumeoza au tumezika. Skola amekaa na kitambaa kichwani, machozi yanamdondoka kwenye magoti. Na hapo ndipo ulipofungua kinywa mbele ya watu wote: "Maji yaliyoua kimea changu, yataacha mimba ya mwanangu?"

Mtu angejibu nini? Kimea ni mbegu. Tuliona kwa macho yetu imekufa.

Tangu siku ile wanawake wakaiacha chemchemi, wakaenda kuteka kisima cha chini, kule kwenye majani marefu, ambako ng'ombe wanaingia na miguu. Tarishi akija, wanasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, wanabeba vibuyu kuelekea chemchemi. Akigeuza baiskeli, wanageuka nao.

Mimi nilibaki na chemchemi. Usinidhanie nilikuwa na akili kuliko ninyi. Padre alisema tutii, nikatii, ndivyo nilivyolelewa. Mama Romani alikuwa akinisubiri njiani na kejeli zake: "Mpisheni mke wa Bwana Afya!" Na siku ile aliposema, "Mwacheni anywe, tumbo lake lilifunga duka zamani, ataharibu nini?" Wanawake wakaangua kicheko, mimi nikashindwa hata kuinua kibuyu. Wewe ndiye uliyeweka mzigo wako chini. Ukamwambia, "Mwenzangu huyu Mungu alimnyima tumbo akampa mikono. Skola mnayemwona amekulia katika mikono hiyo nilipokuwa naumwa. Atakayemcheka tena asije kunywa pombe yangu." Ulikuwa hukubaliani nami hata kidogo juu ya maji, na bado ulisimama. Hilo sijalisahau, na nikikaribia kukukasirikia, nalikumbuka.

Maana kuna siku nakukasirikia, Mama Skola. Nisamehe.

Haukupita muda mrefu, Skola akapata mimba. Unakumbuka shangwe? Ukapita nyumba kwa nyumba: "Mmeona? Mmeona?" Hata mimi, nakwambia ukweli, nilirudi nyumbani nikaunusa mtungi wangu wa maji.

Halafu mvua zikaja, na kuhara damu kukaja na mvua. Akatangulia mzee wa ng'ambo ya kijito, kisha watoto, kisha ukaanguka wewe. Nilikuletea maji ya chemchemi, nimeyachemsha, nimeyapoza, nikayatia katika kibuyu chako mwenyewe ili usijue. Ulijua. Ulinusa, ukacheka ingawa nguvu ya kucheka hukuwa nayo, ukasema, "Umeniletea hospitali kwenye kibuyu, Perpetua." Ukageuza uso ukutani. Ukamwomba Skola maji ya kisimani, naye akakuletea na lile tumbo lake kubwa, akakuinua kichwa. Ukanywa yote. Ukasema, "Haya ndiyo maji." Asubuhi, ng'ombe wakiwa wanatoka zizini, ukatuacha.

Nilidhani baada ya hapo watu watafunguka macho. Nilidhani kifo chako, angalau, kingekuwa na kazi hiyo. Matanga hayajaanuliwa, Mama Romani akasema, tena kwa kulia, si kwa ubaya, "Ni ile dawa. Aliionja kwenye pombe ya arusi, ikamkaa tumboni tangu siku ile." Watu wote wakaitikia. Nikasema, "Mbona mimi ninayekunywa kila siku sijafa?" Mmoja akanijibu kwa huruma kabisa, "Yako inachelewa, mama."

Niambie, ningesema nini? Skola alipata mimba, kwa hiyo maji ya kisima ni mazima. Wewe ulikufa, kwa hiyo dawa ya serikali ni sumu. Mimi ni hai, kwa hiyo nangoja zamu yangu. Kila kitu kinachotokea kinaingia mlango uleule na kukaa kwenye kiti kilekile.

Bwana Afya mwenyewe haji tena. Wanasema amehamishwa. Tarishi huleta unga, anaumwaga upesiupesi, anaondoka bila kushuka vizuri kwenye baiskeli. Uzio umekuwa kuni.

Sasa mtoto.

Ameanza kula uji. Na unajua uji unavyopozwa katika nyumba yako. Wewe ndiye uliyemfundisha Skola: uji wa mtoto usipepewe, upepo unaingia tumboni, upozwe kwa maji mabichi, kijiko baada ya kijiko, huku unakoroga, mpaka kidole kivumilie. Anafanya vilevile, mkono wake unazunguka kama wako. Ananyonyesha, anapika uji hadi umeiva sawasawa, safi, hauna tatizo. Kisha anachota maji ya kisima cha chini, kwa kile kikopo, anamimina. Nimekaa pale, nimemshika mtoto, natazama kijiko kinaingia. Natazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua ng'ambo ya mto.

Nilianza kwa taratibu. Nilimpelekea maji ya chemchemi yaliyochemshwa, kila asubuhi. Skola ni mtoto uliyemlea vizuri: alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama mdogo." Kisha jioni naona kuku wanakunywa katika kibuyu changu. Kuku wamenenepa kweli.

Nikamwambia habari za Bi Zainabu wa Majengo. Nilimuuliza mwenyewe, akasema wao mjini wanakunywa maji yenye dawa, na anazaa kila akipumzika. Skola akasema, "Wale watu wa madukani miili yao imezoea dawa, mama mdogo. Sisi wa ulezi."

Nikamwendea Padre. Akahubiri vizuri, kwa nguvu, kuhusu maji ya chemchemi na kutii wakubwa. Kutoka kanisani nikasikia nyuma yangu, "Padre na Boma wanakula sahani moja." Wakaenda zao kisimani na rozari shingoni.

Nikasema basi, nipunguze. Nikamwambia Skola, achana na chemchemi, mwanangu. Chukua maji yenu yaleyale ya kisima, uyachemshe tu, ndiyo upozee uji. Akakubali! Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba, Anatoli akauliza kama nimekunywa. Kesho yake Mama Romani akakuta chungu motoni. "Maji unayapika ili yafe, kisha unampa mtoto maiti ya maji?" Chungu kikaondolewa.

Simlaumu sana Mama Romani. Anampenda mtoto yule, namwona akimbeba akizunguka naye uwanjani saa nzima, anamwimbia. Ana hofu kama niliyo nayo mimi. Hofu zetu zimeangalia pande mbili tu.

Sasa nikuambie lililonimaliza. Nilimkalisha Skola peke yake, nikamwambia yote, hata mambo niliyokuwa sithubutu kuyasema: kwamba naamini kisima kile ndicho kilichokuua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akamtazama mtoto magotini akasema, "Mama mdogo, huyu ni mama. Ana jina lake. Mama aliyakataa maji yale akiwa anakufa kwa kiu, wewe mwenyewe uliona. Leo nimlazimishe kwa sababu hana meno na hawezi kusema?"

Mama Skola, nilichukua kibuyu changu nikaondoka. Mtoto anabeba jina la mtu, na anachokikataa mwenye jina, mtoto hawezi kulishwa. Mimi nami nililelewa hivyo. Bibi yangu mwenye jina langu hakula kambale, na mimi mpaka leo sijaonja kambale. Ningemwambiaje Skola kwamba hilo ni kitu kidogo?

Tangu mvua zilipoanza, mtoto anahara. Mwanzo kidogo, wakasema ni meno. Sasa si meno. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ukimfinya ngozi ya tumbo inakaa imesimama kabla ya kurudi. Jana kulikuwa na damu. Nilimsihi Romani, baba yake, tumpeleke hospitali ya misheni, nitambeba mimi mwenyewe mgongoni mpaka Sumbawanga. Akasema waliopelekwa kule mwaka jana walirudi juu ya machela. Ni kweli walirudi hivyo. Walipelekwa wakiwa wamekwisha kufa nusu, lakini nani anakumbuka walivyokwenda? Wanakumbuka walivyorudi.

Mtoto analia, na akilia wanasema mwenye jina anataka kitu. Wameleta kigoda chako, wakamkalisha. Wameleta kanga yako ya arusi ya Skola, wakamfunika. Mama Romani amepika pombe kidogo, akachovya kidole, akampaka midomoni: "Haya bibi, hii hapa, tulia." Wewe ungecheka, najua. Wamekuuliza kila kitu unachoweza kutaka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama unataka maji.

Imenijia kumwibia, nikiwa nimempakata, nimdondoshee matone ya maji yangu mdomoni. Skola akiona, hatanipa mtoto tena, na huo mlango ukifungwa, mimi sina mwingine wa kuingilia. Basi nampakata, naimba, namfuta, namrudisha kwa mama yake. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Ulisema Mungu alinipa mikono. Njoo uione sasa, haina kazi.

Padre anatufundisha kuwaombea marehemu, si kuwaita. Na mimi sijawahi kukwita. Nimekulipia misa, nimekusalia, nimepalilia kaburi lako, nimenyamaza. Lakini leo nakuomba, na kama ni dhambi nitaiungama Jumamosi. Skola anasema anakuota. Anasema unakaa tu mlangoni unasuka ukindu, humtazami, husemi. Asubuhi anaamka amefurahi kwamba mama alikuja.

Mama Skola, ukija tena, usinyamaze.

Sikuombi useme ulikosea. Huenda hukukosea hata. Ulichokiona bondeni Rukwa ulikiona, ulezi ulimwagwa kweli, pombe ilikufa kweli, na yule bwana hakunywa. Yote hayo ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Sikuombi umsifu Bwana Afya, wala uisifu serikali, wala useme Perpetua alikuwa na haki. Sema tu kwamba wewe una kiu, na sasa utakunywa maji yoyote. Basi. Neno hilo moja. Au kama ni zito, mwambie uji aupepee. Tutauvumilia huo upepo tumboni, mwenzangu, upepo hautoi damu. Au kama huwezi kusema kitu, pokea kibuyu tu mkononi mwake, unywe mbele yake.

Kwa upande wangu nakuahidi: kesho asubuhi, na kila asubuhi, nitachemsha maji na kuyapeleka mlangoni kwake, hata yakinywewa na kuku. Siku utakayosema naye, maji yawe yapo karibu, asiyatafute. Nakuahidi pia sitagombana na Mama Romani, wala sitasema tena mbele ya watu kwamba kisima ndicho kilichokuua. Na mtoto huyu, Mungu akimwacha kwetu, nitamfundisha jinsi ulivyokuwa unacheka. Asipomwacha, basi mpokee wewe, umpe maji.

Hapana. Nimeandika hilo na sitaki. Usimpokee. Bado.

Buriani, Mama Skola. Upumzike kwa amani, lakini si leo. Nakuomba ujibu barua hii upesi, mtoto hana siku za kungoja. Na usije kwangu, mimi sihitaji kuambiwa. Nenda kwa Skola.

Ni mimi mwenzako,
Perpetua